Rosa "Aliharibika": Kipigo cha Zakaria na Macho ya Wahakiki

Riwaya ya Euphrase Kezilahabi, Rosa Mistika, ilichapishwa mwaka 1971 na ikapigwa marufuku shuleni. Kilichowashtua wakubwa wa wakati ule ni mwenendo wa binti: msichana wa Ukerewe anayefika chuoni na kuwapokea wanaume bila kificho. Baadaye kitabu kiliruhusiwa, kikasomwa na kutahiniwa, lakini swali lililozaliwa na marufuku hiyo halikubadilika. Aliyeendelea kusimamishwa kizimbani ni Rosa. Zakaria, baba mlevi aliyemcharaza bintiye kwa sababu ya barua ya mvulana, alibaki katika uhakiki kama usuli tu.

Upendeleo huo unajificha katika kitenzi kimoja. Usemi uliozoeleka madarasani ni kwamba Rosa "aliharibika". Kauli ya kutendeka haina nafasi ya mtenda: chungu huvunjika, nguo huchanika, na sarufi yenyewe haimruhusu msikilizaji kuongeza "na fulani". Laiti ingesemwa kwamba Rosa "aliharibiwa", swali la "na nani?" lingefuata papo hapo, na jibu lingekuwa na jina. Kwa kiambishi kidogo tu, jeuri ya baba inageuka kuwa hali ya binti.

Nomino "malezi" inafanya kazi ileile kwa adabu zaidi. Kipigo cha Zakaria huorodheshwa chini ya dhamira ya malezi, pengine "malezi mabaya", kana kwamba fimbo ni mbinu ya kulea iliyozidi kipimo. Mahusiano ya Rosa hayapati hifadhi ya namna hiyo. Yanaitwa uasherati na umalaya. (Neno "malaya" halina jinsia kisarufi, ila ni nadra mno kumsikia mwanamume akiitwa hivyo bila kuongezewa maelezo.)

Linganisha na Haini ya Shafi Adam Shafi, iliyotoka mwaka 2003 na inayohusu waliokamatwa Zanzibar baada ya kuuawa kwa Abeid Amani Karume mwaka 1972. Mateso ya Hamza korokoroni husomwa kama mateso. Maneno ni dhuluma, ukatili, utawala wa mabavu. Wala hakuna anayepekua tabia za Hamza ili kujua kama alistahili. Ni kweli kwamba mkono unaompiga ni wa dola, na dola ina uzito wake. Lakini tofauti ya wapigaji haitoshi kueleza kwa nini mwili wa mwanamume uliojeruhiwa unasomwa kama siasa, ilhali wa mwanamke unasomwa kama mambo ya nyumbani. Katika Utengano ya Said Ahmed Mohamed (1980), Maksuudi ni kiongozi mwenye madaraka, na Tamima anapigwa na kuachwa kwa kumwita mkunga ambaye mume hamtaki. Hapo dola na nyumba zinakaa katika mtu mmoja. Hata hivyo, kinachovuta macho ya wengi ni ulevi wa Maimuna baada ya kutoroka, na kipigo cha mama kinapita kama ugomvi wa ndoa.

Waandishi nao hawawezi kuachiwa hivihivi. Kezilahabi anakipa kipigo kurasa chache, na safari ya Rosa anaipa sehemu kubwa ya kitabu. Msomaji anayehesabu wanaume wa Rosa anafuata njia aliyotengenezewa. Charles anapomkataa kwa kuwa si bikira tena, na Rosa anajiua, msimulizi yuko karibu mno na mwili wa Rosa na mbali mno na dhamiri ya Charles. Inashangaza kwamba mtu aliyeandika ile barua ya kwanza, ambayo Rosa aliilipia kwa ngozi yake, anarudi akiwa hakimu wa usafi.

Lakini riwaya haiishii kaburini. Inampeleka Zakaria pamoja na Rosa mbele ya Mungu, na huko binti anapata kile ambacho kijiji, chuo na mchumba hawakumpa: nafasi ya kumshtaki baba kwa kinywa chake. Ndoto au njozi, sehemu hiyo hupitwa haraka na wahakiki kwa kuonekana imepachikwa. Ndiyo sehemu pekee ambapo mtenda anatajwa akiwepo, na anatakiwa kujibu.