Joho la Buluu na Kilemba cha Ukoka

Wasomaji wetu, wengi wetu hujifunza misemo ya lugha ngeni kama watoto wahesabuvyo kokoto: msemo huu, maana yake hii, msemo ule, maana yake ile. Maneno twayashika, lakini asili yake hatuiulizi. Picha moja ya kale yatuonyesha hasara ya desturi hiyo.

Mwaka 1559 Pieter Bruegel, mchoraji wa nchi ya Waflama, alichora kijiji kimoja ambamo watu wanaitenda misemo yao kwa mikono na miguu. Picha hiyo, yenye upana wa sentimita 163 na kimo cha sentimita 117, imewekwa Berlin, nayo ina misemo zaidi ya 100. Huyu anapiga kichwa ukutani, yule ameshika mkunga, samaki mtelezi, kwa mkia.

Mahali pengine picha yasema wazi. Mtu anafukia shimo ambamo ndama amekwisha kufa. Kila mfugaji, awe wa Flandre au wa Kivu, atafahamu mara moja kwamba kazi hiyo ilipasa kufanywa jana. Msemo wa namna hii wavuka mipaka bila mkalimani.

Lakini katikati ya picha mwanamke mwenye nguo nyekundu anamvika mume wake joho la buluu. Tukimtazama kwa macho yetu tu, tutasema: "Mke mwema huyu, amkinga mumewe na baridi." Kumbe, ana mwanamume mwingine! Kwa Waflama wa siku zile buluu ilikuwa rangi ya udanganyifu. Anayetafsiri neno kwa neno amgeuza mke mdanganyifu kuwa mke mwema.

Sisi nasi tunalo vazi la namna hiyo. Kumvika mtu kilemba cha ukoka ni kumsifu kwa uongo. Asiyejua kwamba kilemba ni vazi la heshima, na kwamba ukoka ni majani ya kukanyagwa na kuliwa na mifugo, atasikia habari ya nguo ya kichwani tu.

Twamsifu Bruegel, kwa kuwa atulazimisha kuona kitu kwanza, kisha kuitafuta maana. Lakini upungufu upo. Kijiji chake karibu chote ni cha wapumbavu, na misemo haikuzaliwa kwa kucheka tu. Tukisema mzee "ameaga dunia," au mama "amejifungua," twafunika uchungu na haya kwa heshima. Upande huo hakuuchora.

Basi, mwalimu anayefundisha msemo, uwe wa Kifaransa au wa kwetu, asitosheke na maana yake. Aulize: kitu hiki kilikuwa nini kwa watu waliokitaja kwanza? Na kwa misemo yetu, wazee wangali hapa wa kuulizwa. Wakiondoka bila kuulizwa, maneno yatabaki vinywani mwetu, lakini mwenye kuyafafanua hatakuwapo.