Kitenzi "Run" katika Mizani ya Kiswahili

Mwaka 2011 mwandishi Simon Winchester aliwaarifu wasomaji wa gazeti la New York Times kwamba wahariri wa kamusi kuu ya Oxford wameorodhesha maana 645 za kitenzi "run". Katika toleo la pili la kamusi hiyo, la 1989, ingizo refu kuliko yote lilikuwa la "set". Winchester aliona kwamba mashine ndizo zilizokikuza kitenzi hiki: tangu zama za viwanda, kila chenye injini kimepewa miguu ya kukimbia. Hoja hii inavutia, na Kamina, mji uliokuzwa na reli, ni mahali pazuri pa kuipima.

Kwa maoni yetu, haisimami yenyewe. Mfaransa husema injini inatembea. Saa ya mtu wa pwani huenda au husimama. Nasi huku Katanga husema mashini inatembea, na hata kazi inatembea. Reli ya Bukama hadi Port-Francqui (Ilebo ya leo), iliyokamilika mwaka 1928, ilituletea injini za aina ile ile, lakini haikutufanya tuseme kwamba mashine nzima inakimbia na mbovu haikimbii. Mashine huleta haja ya kusema; kitenzi gani kitwishwe mzigo huo, lugha ndiyo huamua.

Isitoshe, hesabu yenyewe ina walakini. Kiingereza huliacha umbo moja na kulizungushia vihusishi. Kiswahili hunyambua: kimbia, kimbilia, kimbiza, kimbizana, kisha kimbilio na mkimbizi. Anayehesabu maana chini ya umbo moja atatuona maskini, kumbe mali yetu imewekwa katika vyumba vingi. Pengine tunatumia mzizi mwingine kabisa: cheo hugombewa, kampuni huendeshwa, sukari hutuishia.

Hapa ndipo mwanafunzi wetu, ambaye mara nyingi hukifikia Kiingereza kwa kupitia Kifaransa, anapoweza kuteleza. Akikuta sentensi isemayo kwamba fulani "ran the camp", naye akaandika "alikimbia kambi", msimamizi amegeuka mtoro. Katika zoezi la darasani kosa hilo huchekesha. Katika tafsiri ya ushahidi linaweza kumharibia mtu jina, kwani kwetu kukimbia mahali ni kupatoroka.

Lakini mtego mkubwa zaidi umo ndani ya Kiswahili chenyewe. Mwaka 1992 na 1993, mkoa huu ulipokuwa bado ukiitwa Shaba, watu wengi wenye asili ya Kasai waliondolewa Likasi na Kolwezi. Wengi wao walisafirishwa kwa treni kuelekea Kasai, na njia hiyo hupita hapa Kamina. Je, tuandike kwamba walikimbia au kwamba walikimbizwa? Neno la kwanza huwafanya wao watendaji, kana kwamba hofu yao peke yake iliwaondoa. La pili linadai mtendaji. Hata asipotajwa, msomaji atauliza ni nani aliyewakimbiza. Kiingereza nacho kinaweza kusema "they were run out", ila umbo la kitenzi husalia "run" lile lile, na kazi yote huachiwa maneno yanayolizunguka. Kwetu, kiambishi cha kutendesha na cha kutendwa huingia ndani ya neno lenyewe, na mfasiri anayeviacha ameshachagua upande, hata kama hakukusudia.