Boneti Likifunguliwa: Namna ya Kupima Kazi ya Mwosha Injini

Injini inayometameta kama kiatu cha bwana harusi ndiyo ya kutiliwa shaka kwanza. Mara nyingi mng'ao ule si usafi. Ni dawa iliyopulizwa juu ya mipira na plastiki baada ya kusuuza harakaharaka, na siku ya pili vumbi linanata palepale. Mwenye jicho hatafuti weusi unaong'aa. Anatafuta mpira uliofifia kidogo, chuma kinachoonekana chuma, na namba ya injini inayosomeka bila kusuguliwa kwa kidole.

Isikizya, makao makuu ya Wilaya ya Uyui, ipo kando ya barabara ya lami itokayo Tabora kwenda Nzega, ila magari ya huko hayaishi kwenye lami. Fuso linalofuata tumbaku, Noah ya abiria, guta lenye ndoo za asali: yote hukata kona kuingia vijijini, kwenye mchanga wa miombo na udongo mweusi wa mbuga. Oili inayochuruzika kidogokidogo hukutana na vumbi hilo, joto la injini likaioka, na baada ya miezi kadhaa chini ya gari kuna ukoko kama wa sufuria ya ugali iliyosahauliwa jikoni.

Ukoko huo ndio mtihani wa kwanza. Asiyejua kazi hufungulia mashine ya presha papo hapo, maji yakaruka, tope likahamia pembeni. Anayejua huanza pakavu: anatandika gunia, anakwangua kwa kipande cha ubao, ndipo anapaka sabuni ya grisi kwa brashi, na mswaki mkuukuu kwa pembe zisizofikika. Kisha anasubiri dakika chache, bila kuiacha ikauke. Sabuni hushika oili kwa upande mmoja na maji kwa upande wa pili. Ikikuta tabaka nene hugusa ngozi ya juu tu, na chini yake oili inabaki ilivyokuwa.

Pua nayo ipewe nafasi. Kazi nzuri hunuka sabuni. Ikinuka petroli, mteja ana haki ya kukasirika, maana mvuke wa petroli huwaka hata asubuhi ya baridi, tena ni mzito kuliko hewa: hutuama chini ya gari na ndani ya shimo la gereji, ukisubiri cheche moja ya betri. Mafuta ya taa hayana ukali huo, lakini nayo hulainisha na kuvimbisha mipira.

Halafu joto. Gari lililotoka Nzega bila kupumzika halioshwi. Pale bomba la moshi linapoungana na injini, chuma cha kusubu kikimwagiwa maji baridi kinaweza kupata ufa, na sabuni hukauka kabla haijafanya kazi, ikiacha madoa meupe. Difu ina hila zaidi. Ikipozwa ghafla, hewa iliyo ndani husinyaa na kuvuta maji kupitia tundu la kupumulia au sili iliyochoka. Oili ikija kumwagwa, inatoka kama chai ya maziwa. Kipimo ni kiganja: kiweze kutulia juu ya chuma bila kurushwa na moto.

Kabla ya tone la kwanza, waya wa hasi wa betri uwe umeng'olewa, na nailoni zimefungwa kwenye altaneta, boksi la fyuzi na mdomo wa kuvutia hewa. Baada ya kusuuza, mwosha apulize upepo kwenye visima vya plagi. Injini iliyoingia vizuri ikatoka inamisi haijaoshwa, imezamishwa.

Chini ya gari hapahukumiwi kwa kuinama. Mkaguzi hutandika boksi, akalala chali na tochi. Anaangalia mgongo wa giaboksi na kona za chasisi, mahali ambapo mvivu hafiki. Anashika spaida za propela: presha ya maji hufukuza grisi, kwa hiyo mwosha mwadilifu hupiga grisi mpya, au walau husema kwamba inahitajika. Na anauliza maji machafu yamekwenda wapi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kuchafua ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au bwawa. Shimo la mchanga na maranda kutoka kwa fundi seremala hunasa oili nyingi kwa gharama ndogo.

Lakini yote hayo ni ya mkono, na ubingwa wenyewe uko kwenye kusoma. Uchafu ni ramani. Kuosha ni kuifuta. Upepo wa mwendo husukuma oili nyuma na chini, hivyo chanzo hutafutwa juu na mbele kabisa ya unyevu, si pale tone linapoangukia. Nyekundu aghalabu ni ya giaboksi ya otomatiki, yenye harufu ya kiberiti ni ya difu, inayobabua rangi ni ya breki. Ndiyo maana mnunuzi mjanja wa gari la mkononi huomba kulitazama kabla halijaoshwa. Likishaoshwa hupaka poda ya mtoto kwenye maungio ya gasketi, analiendesha kidogo, kisha analilaza juu ya boksi jeupe hadi asubuhi.

Swali moja hupima zaidi ya tochi. "Kijana, hii oili ilikuwa inatokea wapi?" Wengi hujibu, "Chini, bosi." Mmoja mmoja hukunja kitambaa chake na kufungua tena boneti: "Juu hapa, kwenye kava la tapeti. Sampu yako nzima, usimkubalie fundi akuuzie gasketi ya chini."