Maua ya Kitenge na Hesabu ya Sentimita 64

Mnunuzi anayejua vitenge akisimama kwenye meza ya muuzaji sokoni Kasulu, mkoani Kigoma, haanzi na maua. Anakigeuza kitambaa. Rangi ikiwa imekolea nyuma sawasawa na mbele, anajua bei itakuwa kali. Nyuma ikiwa imepauka, anaanza kupunguza. Kipimo hicho cha sekunde mbili kinagusa sehemu kubwa ya yale ambayo mwanafunzi wa ubunifu wa nguo anayasomea chuo kikuu kwa miaka kadhaa.

Nalisema hili kwa sababu vijana wengi wa Kibondo na Kasulu wakisikia “ubunifu wa nguo” wanafikiria mishono na maonyesho ya mavazi. Hiyo ni fani ya mitindo, nayo ina heshima yake. Ubunifu wa nguo ni kazi ya kukiumba kitambaa chenyewe, uzi wake, ufumaji wake, maua yake na rangi yake, kabla fundi cherehani hajakiona. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina shahada mbili katika eneo hili, moja ya uhandisi wa nguo na nyingine ya ubunifu na teknolojia ya nguo. Zilianzishwa kwa msaada wa taasisi ya Gatsby ya Uingereza, na zote ziko Ndaki ya Uhandisi na Teknolojia, kule wanakosomea watu wa mitambo. Wapo wanaoona msanii hapaswi kukaa huko. Mimi naona uamuzi ule ulikuwa sahihi kabisa, na kitenge chenyewe ndicho ushahidi.

Tuanze na mchoro. Viwanda vingi huchapa vitenge kwa silinda za chuma chembamba chenye matundu madogo sana. Rangi inasukumwa kutoka ndani ya silinda, inapita kwenye matundu na kutua juu ya kitambaa kinachokimbia chini yake. Mzingo wa kawaida wa silinda hiyo ni sentimita 64, na silinda ikimaliza mzunguko mmoja mchoro unaanza upya. Kwa hiyo mbunifu hachori ua la ukubwa anaoutaka tu. Akiamua maua yake yafuatane kila baada ya sentimita 20, mzunguko utayabeba matatu na kipande, na pale mwisho unapokutana na mwanzo kutakuwa na ua lililokatika kila baada ya sentimita 64, kitambaa kizima. Inabidi achague hatua, yaani umbali wa ua hadi ua, inayoigawa 64 sawasawa, kama 16, 32, au 64 igawanywe kwa tatu. Akiyapanga maua safu kwa safu bila kuyapishanisha, macho yataona mistari ambayo hakuichora. Dawa yake ni kuishusha kila safu ya pili kwa nusu ya hatua. Khanga ina shida nyingine. Pindo lake linazunguka pande zote nne na urefu wake ni kama mita moja na nusu, hivyo haienei kwenye silinda ya sentimita 64, na ndiyo maana mara nyingi huchapwa kwa fremu bapa.

Baada ya silinda kuna mkasi. Ua la sentimita 32 linapendeza kwa mama anayejifunga kitenge kizima au kukifanya mbeleko, kwa sababu linaonekana lote. Fundi akilikata gauni, ua hilohilo linamlazimisha kuoanisha maua kwenye mshono, na kitambaa kinaliwa. Mchoro wa ndege wote wanaotazama juu unadai vipande vyote vikatwe kuelekea upande mmoja, la sivyo mbele ndege wataruka na mgongoni wataanguka. Mbunifu anayefikiria soko la Buha, yaani huku Kasulu na Kibondo, ambako watu hujifunga kitenge sana na kukishona sana, anatakiwa kuamua mapema anamchorea nani. Binafsi ningemtaka kila mwanafunzi akae siku nzima kwenye baraza la fundi kabla ya kushika kompyuta.

Rangi nayo ina hesabu zake. Kila rangi inahitaji silinda yake, na kila silinda ni gharama. Mbunifu mzuri anapata rangi nne kwa silinda tatu, kwa mfano kwa kuacha njano na bluu zipandane ili zizae kijani. Pia anaacha rangi nzito ipande kidogo juu ya nyepesi, chini ya milimita moja, maana silinda hazitulii sawasawa asubuhi hadi jioni. Asipofanya hivyo, utaona uzi mweupe ukizunguka ua. Umewahi kuuona.

Mambo mazito yako kwenye kemia. Kuna njia kuu mbili za kuchapa pamba. Ya kwanza ni pigmenti. Chembe za rangi zinachanganywa na gundi maalumu, zinachapwa, kisha kitambaa kinapitishwa kwenye joto kavu la nyuzi kama 150. Hakihitaji kufuliwa, kwa hiyo kiwanda kinaokoa maji na mafuta, na kitenge kinakuwa cha bei nafuu. Lakini rangi imekaa juu ya uzi tu. Ndiyo maana nguo inakuwa ngumu kidogo mkononi, na inapauka kwanza kwenye kola, viwiko na mikunjo. Ya pili ni rangi za riaktivu, ambazo zinaungana kikemia na pamba yenyewe. Humo kwenye uji wa rangi kuna magadi ya kuwezesha muungano huo, urea ileile ambayo mkulima wa Kakonko anaiweka kwenye mahindi, hapa ikiwa na kazi ya kushikilia unyevu, na alginati ya kuufanya uji uwe mzito. Alginati inatoka kwenye mwani wa kahawia, si huu unaolimwa Zanzibar. Kitambaa kinapigwa mvuke, kisha kinaoshwa sana. Hapo kwenye kuosha ndipo viwanda vinapobania. Rangi ambayo haikuungana na pamba ikibaki ndani, mama atakiloweka kitenge na beseni zima litageuka jekundu. Kwa hiyo kitenge kinachochuja majini na kitenge kinachopauka kwenye kola vina magonjwa mawili tofauti, na mwanafunzi asiyejua kemia hawezi kuyatofautisha, sembuse kuyatibu.

Kitenge cha wax halisi kina njia yake. Waholanzi walijaribu kuiga batiki ya Java kwa mashine katika karne ya 19, na kampuni ya Vlisco ya Helmond, iliyoanza mwaka 1846, bado iko kazini. Utomvu unachapwa pande zote mbili za kitambaa, kisha kinatumbukizwa kwenye rangi, na pale utomvu ulipopasuka rangi inapenya na kuacha nyufa ndogo ambazo hazijirudii. Kwa hiyo nyuma na mbele zinafanana. Vitenge vingi vinavyoiga wax vimechapwa upande mmoja, na nyufa zake zimechorwa. Zitafute: zikijirudia zilezile baada ya hatua moja ya mchoro, umepata jibu.

Kuhusu mafunzo yenyewe, Kenya imetuonyesha njia. Mwaka 2007 Chuo Kikuu cha Moi kilikinunua kiwanda cha Rivatex cha Eldoret kilichokuwa kimefungwa, na mwaka 2019 kikazinduliwa upya kikiwa na mashine mpya. Kwa mpango wa namna hiyo mwanafunzi anapata mahali ambapo kosa lake la sentimita moja linaonekana kwenye kitambaa. Mlimani, kwenye Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, palipata jirani wa namna hiyo tangu mwaka 1968, kiwanda cha Urafiki kilichojengwa Ubungo kwa msaada wa China, lakini kiwanda na chuo havikuwahi kuwa kitu kimoja. Huo ndio upungufu ninaouona mkubwa kuliko wa vitabu.

Kigoma inalima pamba, na nyingi ya pamba ya Tanzania inauzwa nje ikiwa haijasokotwa uzi. Wakati huohuo watu wa Buha wamejua vitenge kwa muda mrefu kupitia Kongo na Burundi, na jicho lao ni kali. Walimu wa sekondari za Kibondo na Kasulu, mkiwa na mwanafunzi anayechora vizuri na haogopi kemia, msimwambie achague kimojawapo. Mwambieni ipo shahada inayovihitaji vyote viwili, na asome masharti yake ya kujiunga mapema, kabla hajachagua tahasusi ya kidato cha tano.