Usawa au Usare? Neno Moja la Fizikia

Wanafizikia husema kwamba kitu fulani, hata ulimwengu mzima, kina tabia ile ile mahali pote. Mwanafunzi akituuliza jina la sifa hiyo, wengi wetu hujibu upesi: usawa. Twaona kwamba jibu hilo lina kasoro, tena si ya lugha tu bali ya fikira.

Usawa ni neno la viwili vinavyolinganishwa: haki za watu, au vitanga vya mizani. Hubeba pia maana ya kimo, kama tusemapo usawa wa bahari. Mwanafizikia adai jambo jingine: kwamba ukihama kutoka hapa hadi pale, hutaona badiliko. Kwa maana hiyo usare wafaa zaidi, kwani sare ni vitu vingi vyenye sura moja.

Hata hivyo, neno hilo peke yake halitoshi. Kuna usare wa mahali na usare wa pande. Tuutazame ubao usio na fundo. Ukate kipande mwanzoni au mwishoni, mti ni ule ule. Huo ni usare wa mahali. Lakini shoka likifuata nyuzi, ubao hupasuka mara moja, likizikingama, hugoma. Usare wa pande haupo. Seremala aijua tofauti hii. Asemaye "usawa" kwa yote mawili huifuta.

Hasara yake yaonekana katika elimu ya anga. Mwaka 1965 Arno Penzias na Robert Wilson walitangaza kugundua mnururisho hafifu utokao kila upande. Tukiondoa athari ya mwendo wetu wenyewe, hutofautiana kwa takriban sehemu 1 tu katika 100,000. Huo ni ushahidi wa usare wa pande, kama uonekanavyo kutoka hapa petu. Ili kufikia usare wa mahali, yapasa kuongeza hoja kwamba hapa petu si mahali pa pekee. Tena ni kwa kipimo kikubwa mno, maana karibu nasi nyota zimekusanyika makundi makundi. Hata maziwa ni sare machoni, lakini chini ya hadubini ni matone ya mafuta ndani ya maji.

Basi mwalimu atajapo usare, hana budi kueleza: wa mahali au wa pande, na kwa kipimo gani? Mwanafunzi aliyepewa neno moja kwa mambo mawili atadhani kwamba ushahidi wa moja umekwisha kuthibitisha la pili.