Kasiksi inywewe pale inapokamuliwa

Kila mara tunapoandika juu ya mila za Bushi na za Kivu nzima, kasiksi inapita mbio mbio. Tunasema: ilitolewa siku ya mahari, ilitolewa siku ya matanga, ilipelekwa kwa mwami, na basi. Utafikiri ni karatasi ya serikali yenye kupigwa muhuri. Ladha yake hatuisemi. Nani anaikamua muzuri na nani anaiharibu, hatusemi vilevile. Katika kurasa hizi tunataka kuihukumu kasiksi kama vile wengine wanavyohukumu wimbo ao sanamu ya mti, na neno letu la kwanza ni hili: mtu ambaye hajainywa pale pale inapokamuliwa, hajaijua bado.

Sababu inatoka kwa kinywaji chenyewe. Kasiksi haina subira. Divai ya wazungu inaweza kulala miaka ndani ya pipa na kuzidi kuwa nzuri. Kasiksi inazaliwa jioni, kesho yake ni kijana, siku chache tena ni muzee, na kisha hapo ni siki. Ile iliyobebwa ndani ya bido ya plastiki kutoka Walungu mpaka soko la Kadutu, jua kali, gari yenye kutikisika, imekwisha kupita umri wake mbele haijafunguliwa. Kwa hiyo inafaa mtu mwenyewe aifuate kwao.

Tukitoka Bukavu siku ya posho na kushika barabara ya Kavumu, hakuna kibao cha kutuonyesha njia. Tunafuata harufu. Tunaangalia maganda ya ndizi yaliyorundikwa kando ya kijia, na nyuki wanaozunguka juu yake. Pengine jani la mgomba limefungwa juu ya mti, hapo tunajua kama kuko kitu. Lazima kubisha hodi na kungoja, maana mahali penyewe ni lupango la watu, si nganda. Mara moja tulijibiwa hivi:

– Karibuni. Munatoka mbali?

– Tunatoka mujini, baba. Tumesikia kama hapa kuko kasiksi.

– Iko, lakini ni ya leo. Ya kunywa mutangoja kesho. Mutaonja maji yake kwanza.

Yale maji ya kwanza, ambayo wengi wanaita mutobe, ndiyo furaha ambayo watu wa mujini hawaijui hata kidogo. Ni tamu, nzito, yenye povu nyeupe, na ndani yake kuko harufu ndogo ya moshi. Watoto ndio wanaitiwa kwanza. Hakuna duka inayouza kitu cha namna ile, wala haitaweza, juu ya kesho hayatakuwa tena maji yaleyale.

Moshi ule unatoka kwa shimo. Ndizi zinakatwa zikiwa zimekomaa lakini mbichi, zinawekwa ndani ya shimo iliyopashwa moto, zinafunikwa na majani ya mgomba na udongo. Siku nne, tano, ao sita, kufuatana na baridi ya mahali. Kule juu Kabare zinakawia. Hapo ndipo kazi yote inaamuliwa. Ndizi iliyotolewa mapema inaacha ukakasi kwenye ulimi, na hata mtama haitaweza kuuficha. Iliyopitisha siku inakuwa uji, inakataa kutoa maji. Muzee mmoja alitueleza kama yeye hahesabu siku: anaingiza mkono ndani ya shimo, anaminya moja, anafunika tena. Tulimuuliza anasikia nini kwa vidole vyake. Alicheka tu.

Kisha ndizi zinamenywa, zinatiwa ndani ya mtumbwi wa mti, zinakandwa na majani marefu ya porini yenye makali. Majani yanashika nyama ya ndizi, maji yanashuka safi. Kuyaona ni jambo: mbele ni tope tu, na mikono inapanda na kushuka muda mrefu bila kitu kuonekana, na gafula povu inatokea, maji yanaanza kutengana, na wote waliokaa wanasogea karibu. Maji yanachujwa, yanaongezwa maji kidogo ya kisima, na unga wa mtama uliokaangwa unatiwa juu. Unga ule ndio unaleta chachu na rangi. Kisha inafunikwa na kuachwa mahali penye joto, usiku mmoja mpaka siku tatu.

Katika hayo yote kuko nafasi ya mkono wa mtu, na ndiyo sababu tunatumia neno kuhukumu. Kuna nyumba mbili tunazozijua, zinatenganishwa na kijito tu, ndizi ni za namna moja, kisima ni kimoja. Huku mtama unakaangwa mpaka karibu kuungua, na kasiksi inatoka nyeusi nyeusi, yenye uchungu wa mwisho kama kahawa. Kule mtama unageuzwa rangi kidogo tu, na kinywaji kinabaki chepesi, chenye kuchoma pua. Sisi tunapenda ile ya uchungu, lakini tumekwisha kubishana kwa sababu yake mpaka jioni. Mwenye kuona bilauri mbili hizo mujini, bila kupanda ule mulima, angesema moja imeharibika.

Tuseme pia jambo ambalo wazee wetu wanaandika nusu. Kukamua, mara nyingi, ni kazi ya wanaume, na sifa inaenda kwa baba. Lakini mara nyingi mama ndiye anayeuza, ndiye anayeonja asubuhi na kusema leo inauzwa ao leo inangoja. Tumemuona mama akikataa kufungua chungu mbele ya wageni wenye feza mkononi, na bwana wake amenyamaza. Mtu akitaka kusifu kasiksi ya nyumba fulani, aanzie kwake.

Halafu yeye ao bwana wake anakunywa mbele ya mgeni. Kwetu, hofu ya sumu ni kubwa, kila mtu wa Bukavu anajua. Ile funda ya kwanza inayonywewa na mwenye nyumba inaondoa hofu kuliko maneno mingi. Baadaye kopo linazunguka, ao mrija mmoja, na hapo mgeni anaanza kusikia habari za pahali: nani amegawa shamba, nani amekufa, bei ya ng'ombe. Haraka haina kazi pale. Tangu vita ilipoingia Bukavu, Februari 2025, safari zetu zimekuwa fupi na tunarudi mbele ya jua kushuka, na hilo limetuondolea nusu ya utamu.

Tuna neno kwa wauzaji wa mujini. Kasiksi nyingine ya nganda siku hizi ni maji, sukari na chachu ya mkate, na ndizi imepita tu kutoa salamu. Inalevya, hatukatai, na kichwa cha kesho yake kinashuhudia. Wengine wanatuambia: tieni kasiksi ndani ya chupa, kama kule Arusha, Tanzania, ambako tangu miaka ya 1990 kuko kiwanda cha divai ya ndizi. Hatuna ubaya na kiwanda. Kinapatia wakulima soko. Lakini chupa inataka ladha moja siku zote, na sisi tulikuwa tunasifu vijumba viwili vya kijito kimoja.

Hata hivyo sukari ile haikutoka kwa uvivu peke yake. Migomba inakufa. Ugonjwa wa mnyauko, unaoletwa na bakteria, ulitambuliwa Uganda mwaka 2001. Miaka hiyohiyo ya kwanza ulikuwa Masisi, na baadaye ukashuka mpaka kwetu Kivu ya Kusini. Majani yanakuwa manjano, ndizi zinaiva mbele ya wakati na ndani ni nyeusi; ukikata shina, usaha wa manjano unatoka. Migomba ya kinywaji inayoitwa Pisang Awak ndiyo inashikwa upesi, juu ya wadudu wanapenda ua lake na wanahamisha ugonjwa. Na tuseme wazi: biashara ya kasiksi yenyewe inausaidia kusafiri. Anayekosa ndizi kwake ananunua mbali, zinakuja zimefunikwa na majani ya kule, na panga lilelile linakata shamba tatu kwa asubuhi moja.

Kwa hiyo, tunapofika kwa mukamuaji, siku hizi tunaangalia pia vitu ambavyo zamani hatukuviona: kama panga linapitishwa motoni mbele ya kukata, kama ua la chini linaondolewa kwa mti wenye panda na si kwa chuma, kama shina lililougua limeondolewa. Yule muzee wa shimo amekataa kununua ndizi za nje. Anakamua mtumbwi mmoja tu, pengine kwa mwezi, zile za nyuma ya nyumba yake, na watu wa kwao wanamwita bahili. Kasiksi yake, kwa hukumu yetu, ndiyo ya kwanza kwa barabara ile yote.

Atakayependa kwenda, aende na kopo lake na chumvi ao sabuni kwa mama wa nyumba. Akikuta mtumbwi umepinduliwa, asikasirike: aulize ndizi ziko siku ya ngapi ndani ya shimo, na arudi.