Homa Iliyofutwa: Kuusoma Waraka wa Fangasi kwa Fani Yake

Mwaka 2002, wataalamu wa EORTC, shirika la Ulaya la utafiti wa saratani, na wenzao wa Mycoses Study Group ya Marekani walichapisha waraka wa kueleza ni lini mtafiti ana haki ya kusema kwamba mgonjwa wa saratani, au aliyepandikizwa uboho, ameingiwa na fangasi hadi ndani ya viungo. Waraka ukarekebishwa 2008, kisha toleo jipya likatoka 2020. Madaktari wanaujua kwa maudhui yake. Mimi naona uamuzi wake mzito umo katika fani.

Tuanze na ngazi zake tatu: ugonjwa uliothibitishwa, unaoelekea kuwepo, na unaowezekana. Kinachopanda hapa ni ushahidi, si ukali wa maradhi. Mgonjwa wa lukemia aliye ngazi ya chini kabisa anaweza kuwa mahututi kuliko wa juu. Ngazi ya kati inadai mambo matatu yatimie kwa pamoja: hali inayomweka mgonjwa hatarini, kwa mfano neutrofili, yaani chembe nyeupe za kinga, kuwa chini ya 500 kwa mikrolita ya damu kwa zaidi ya siku 10, dalili katika kiungo, hasa picha ya CT ya mapafu, na alama ya fangasi mwenyewe, kama galaktomanani, sukari inayotoka kwenye ukuta wa fangasi aitwaye Aspergillus, ikionekana katika damu au katika maji yaliyosafishia njia za hewa. Likikosekana hilo la tatu, mgonjwa anashushwa hadi ngazi ya mwisho.

Ngazi ya juu imeandikwa kwa namna tofauti kabisa. Hapo hali ya mgonjwa haiulizwi tena. Kinachotakiwa ni kipande cha nyama chini ya hadubini, nyuzi za fangasi zikionekana zimeharibu tishu, au fangasi aliyeoteshwa kutoka sehemu ya mwili isiyokuwa na vijidudu. Mgonjwa anatoka jukwaani, nyama yake inabaki kutoa ushahidi. Na ni wagonjwa hawa hasa ambao chembe sahani zao zimeshuka, kiasi kwamba sindano ya kuchukua nyama ya pafu inaweza kuwatoa damu isiyokatika. Wengine uthibitisho wao hupatikana baada ya kufa.

Lakini badiliko ninaloliona zito kuliko yote ni ufutaji mmoja. Katika toleo la 2002, homa iliyodumu zaidi ya saa 96 bila kusikia antibiotiki ilihesabiwa miongoni mwa mambo yanayomweka mgonjwa hatarini. Toleo la 2008 liliiondoa. Kimantiki waandishi walikuwa sahihi: homa ni dalili, si hali ya mwili iliyotangulia ugonjwa, tena ina sababu nyingi. Jedwali likawa safi zaidi. Ila homa hiyo ndiyo anayoiona muuguzi wa zamu ya usiku, ndiyo anayoihisi mama akimgusa mwanawe paji la uso, na mara nyingi ndiyo inayomfanya daktari aagize CT. Waraka umeondoa mwanzo wa kisa ukabakiza ushahidi wa baadaye. Kwa mtafiti hilo ni faida, maana anapata kundi la wagonjwa wanaofanana kweli. Kwa anayesimama kando ya kitanda, ni pengo.

Muda nao umebanwa vivyo hivyo. Orodha ya picha za CT inaweka uvimbe wenye ukungu pembeni, mwezi mwandamo wa hewa na shimo katika pafu kana kwamba ni vitu vya wakati mmoja. Sivyo. Ukungu ule huonekana mapema na kufifia upesi; mwezi mwandamo kwa kawaida huja baadaye, neutrofili zinapoanza kurudi. Toleo la 2020 liliongeza maumbo mengine, likakubali pia PCR, kipimo cha vinasaba, kwa Aspergillus, na hilo nalisifu. Hata hivyo msomaji hapati mfuatano wa siku.

Kuna kasoro nyingine inayotokana na umbo lenyewe. Kipimo cha galaktomanani hakiwaoni fangasi wa jamii ya Mucorales. Na mahali ambapo vipimo vya fangasi havipo, mgonjwa atabaki katika ngazi ya “unaowezekana” hata ugonjwa ukimla. Ngazi inakuwa inapima maabara, si mtu.

Waandishi walilijua hilo. Wameeleza kwamba vigezo vyao ni vya utafiti, wala si vya kuamulia nani atibiwe. Bahati mbaya maelezo hayo yamo katika aya, na jedwali husafiri peke yake hadi wodini. Kwa hiyo nawaomba wanaolinakili kwa ajili ya kufundishia: nakilini na maelezo hayo, juu kabisa ya jedwali, kwa herufi zinazosomeka. Mgonjwa asiye na neutrofili, mwenye homa isiyoshuka na kivuli katika pafu, asicheleweshewe dawa ya fangasi eti kwa sababu hajapanda ngazi.